Uji wa Safari ya Calgary

Kinanu anauza uji wa wimbi pale karibu na stendi ya Isiolo. Kibanda chake na changu cha mandazi vinaegemeana. Watu hufikiri uji ni uji tu. Huyu mama anauchachusha kulingana na safari. Dereva wa Ngaremara, hapa karibu tu, anapewa ulioiva, aunywe sasa hivi. Wa Merti anajaziwa ungali mtamu, kwa sababu lori litautikisa, jua litauchemsha, na wakikaribia kufika utakuwa mkali sawasawa. Akikosea hakubali.

Mwaka huu binti yake Gatwiri alijifungua huko Calgary, Kanada, maziwa yakakataa kutoka. Mtoto analia, analala na njaa, anaamka kulia tena. Kwetu Meru mzazi hunyweshwa uji na mama yake, hiyo haina mjadala. Tikiti ikatumwa. Lakini Kinanu akaambiwa kibuyu cha uji hakiwezi kupanda naye ndege. Akakaa siku nzima akitazama mawingu yakielea kwenda mlimani, wateja wakijipimia wenyewe.

Jioni akaniambia, "Kama uji hauwezi kwenda na mimi, basi unisubiri huko."

Gatwiri alikuwa na unga wa wimbi. Aukoroge wakati ndege inapaa Nairobi, mama na uji wafike pamoja. Shida ikawa moja, safari yenyewe ni ya urefu gani? Mzee Mworia, mume wa Kinanu, akasoma tikiti: kuondoka saa tano usiku, kufika kesho yake saa kumi jioni. Masaa kumi na saba, akatangaza kama chifu. Nilimuuliza kilomita karibu elfu kumi na nne, na kushuka Ulaya kubadilisha ndege, zinaishaje haraka hivyo. Alikuwa ameshavua miwani.

Gatwiri aliposikia hesabu hiyo kwenye simu alicheka, mara ya kwanza tangu ajifungue. "Mami, mkienda kulala, huku ndio tumemaliza chakula cha mchana. Saa zetu ziko nyuma tisa. Ongezeni hizo."

"Basi ni ndefu kuliko ya Merti," Kinanu akasema, ametulia kabisa.

Siku hiyo alipokuwa angani niliunguza mandazi. Nilikuwa namwona akipita juu ya mawingu meupe, na kule jikoni kwa Gatwiri uji ukinong'ona ndani ya ndoo, povu likipanda polepole, wote wawili njiani.

Alipofika, uji ulikuwa bado mtamu. Baridi ya Calgary haina haraka. Kinanu hakulaumu mtu. Alivua koti, akafunga ndoo na leso, akaipakata kwenye kochi mpaka akasinzia nayo. Kulipokucha ulikuwa umekuwa mkali. Gatwiri akanywa bakuli mbili, akalala, akaamka, akaomba nyingine.

Kinanu alinipigia simu hata salamu hakutoa.

"Blauzi ya Gatwiri imelowa," akasema.

Nilitega sikio nisikie mtoto. Kulikuwa kimya, isipokuwa sauti ndogo ya kumeza.