Kipa wa Januari Mosi

Habari ya ligi ile siwezi kuisimulia bila kukasirika, kwa hiyo mnivumilie. Ligi ya watoto ya hoki ya barafu, hapa Durban, kwenye joto hili! Watu wa kwetu Kongo walitucheka mpaka machozi. Tuliianzisha wanawake wawili: mimi katibu, na mwenye saluni mmoja wa soko la Warwick, mwenyekiti. Mimi nilikuwa nagawa viatu vya kuteleza kwenye uwanja wa barafu, ndipo meneja akatupatia Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaingia. Tulianza na timu mbili, zikafika nne, moja ya watoto wa wafanyakazi wa viwanda vya Mobeni. Ratiba niliandika mimi. Jezi nilifua mimi. Yeye aliwasuka wasichana nywele za kulala, helmeti iwakae vizuri. Nilimwita ma soeur, dada yangu, na nilimaanisha.

Shida ilikuwa umri. Timu zilipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na watoto wetu wengi karatasi zao za ukimbizi zinasema Januari mosi. Ukifika ofisini bila cheti, karani anakuandikia tu Januari mosi, na mwaka anaukisia kwa macho. Binti yangu alikuwa mrefu, karani akamwongezea mwaka mzima. Basi tulikubaliana tangu mwanzo: mtoto wa namna hiyo tutasoma carte yake ya ubatizo, yenye tarehe ya kweli. Nilitaka kuyaandika kwenye muhtasari wa kikao, mwenyekiti akanizuia.

"Ya kwetu tunayajua, ma soeur. Ukiandika, watasema tunafoji."

Na mimi, mjinga, nikaweka kalamu chini.

Mwaka jana ikatafutwa timu ya jimbo, chini ya miaka kumi na nne. Ilibaki nafasi moja ya kipa, na wanaoitaka wawili: binti yangu na binti yake. Wangu alikuwa bora, jamani, hata yeye alikuwa akisema hivyo. Wageni wa jimbo waliokuja kuchagua wakakaa nasi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakasoma fomu. Nikatoa carte. Mwenyekiti wangu akaisukuma pembeni kwa kidole.

"Sisi tunafuata karatasi ya serikali," akasema. "Karatasi inasema iko na kumi na nne."

Eish! Mwanamke niliyejifungua naye wiki moja kule kwetu, vitanda vyetu vimegusana! Binti yake, karani alimkisia sawa, basi.

Mgeni mmoja akanigeukia. "Mama, una la kusema?"

Ningebisha, ningekuwa natangaza mbele ya watu kwamba kibali chetu cha ukimbizi kina uongo, na bila kibali hicho hatuna pa kulala katika nchi hii. Nikasema, "Hapana."

Nilipoinuka nikamwona binti yangu mlangoni, mapedi ya kipa bado miguuni. Alikuwa amesikia yote.

Nilimtukana yule mwanamke njia nzima mpaka nyumbani: mnafiki, nyoka, mla rafiki. Tulipofika binti yangu akaketi kitandani, akaniuliza polepole:

"Maman, mimi niko na miaka ngapi?"

"Kumi na tatu, mwanangu. Kumi na tatu kamili."

"Basi mbona mule ndani hukusema?"