Kilatini Changu kwenye Kilio cha Ilunga

Ukisikia watu wa soko la Likasi wananiita "Mwalimu wa Kilatini" huku wanacheka, usiwaulize wao, niulize minye, maana haya yenyewe ni yangu na bado yananiuma.

Rafiki yangu Ilunga alikufa mwaka jana kwa ugonjwa wa ini. Kwetu huku, mukishazika, kabla watu hawajatawanyika, mtu mmoja anasimama pale kwenye kilio kueleza ugonjwa ulivyoanza mpaka ulivyomaliza, ili ndugu waende na roho tulivu. Wakanichagua minye, sababu ni minye niliyempeleka hospitali (na sababu napenda kusema, siwafichi). Ningesema tu: ini, virusi, Mungu amemuchukua, basi. Lakini nikaona viti vimejaa mpaka barabarani, na minye shule niliiacha mapema, kitu nilichobeba toka utoto ni Kilatini kidogo cha misheni ya Kapolowe, nilikokuwa natumikia misa, padri mmoja mzee alinipendaga (alinipa hata viatu, vilinibana vibaya), akanifundisha maneno. Nikainua sauti:

"Munganga wa hospitali anasema ni virusi. Munajua virusi inatoka wapi? Ni neno ya Kilatini ya zamani. Maana yake ni sumu!"

Halafu Mama Odia, dada ya marehemu, akasimama.

"Sumu? Munasikia? Nani alikuwa anamupikia yaya, kaka yangu mukubwa?"

Macho yote kwa Mama Ngoie, mjane, pale chini kwenye mkeka.

"Hapana, mama," nikasema, "ni sumu ya zamani!"

"Kumbe alianza kumupa zamani!"

Vijana wakacheka, nami nikaendelea kueleza (mjinga gani huyu!), kila neno linamuzamisha zaidi mama wa watu, mpaka sufuria zake zikatupwa nje.

"Baba, weye ulikulaga kwangu," Mama Ngoie akaniambia polepole. "Waambie basi."

Nikawaambia. Nani angenisikiliza tena?

Kesho yake nikamuleta munganga mwenyewe wa hospitali, akaeleza vizuri, Mama Odia akaomba musamaha, sufuria zikarudi ndani. Nimeapa: neno la munganga nitalisema alivyolisema yeye, siongezi kitu. Lakini mpaka leo Mama Ngoie akipakua bukari, ugali wetu wa huku, anaonja kwanza yeye, mbele ya kila mutu, hata mbele ya wajukuu wake.