Mama alishona blanketi la watoto sita kwa mkono wa kusuka kiondo

Wakuu, habari za mchana. Niko Kitui mjini kwa kazi ya siku chache, na lodging niliyopata ina blanketi la viraka juu ya kitanda. Nimelitazama nikakumbuka nyumbani. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na ndugu zangu watano wako hai kama kuna mwenye shaka.

Ilikuwa Makueni, upande wa Mbumbuni, miaka ya themanini ikielekea kuisha. Tulikuwa watoto sita. Baba alifanya kazi petrol station Mtito Andei na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Shamba, mbuzi, maji na sisi, yote yalikuwa ya mama.

Tulilala sote kwenye mkeka mmoja uliotandikwa juu ya magunia, na tulikuwa na mablanketi mawili tu.

Wale mnaodhani Ukambani ni joto mwaka mzima, njooni Julai huko milimani kisha tuongee.

Kitinda mimba wetu, Mutuku, alikuwa na kifua kibaya. Kila asubuhi mama alimkuta amelala wazi, sisi wakubwa tumevuta blanketi lote. Msimu mmoja wa baridi alilazwa hospitali kwa muda mrefu, na daktari akamwambia mama kwamba huyu mtoto akipigwa na baridi vile tena, asilaumu mtu.

Mama hakutugombeza. Alisema tu kwamba kabla ya Julai nyingine atakuwa ameshona blanketi moja kubwa la kututosha wote.

Sasa elewa, mama hakuwa amewahi kushona kitu kikubwa kuliko kiraka cha suruali. Kazi aliyoijua ni kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge vyenye mkanda wa kubebea, na hapo alikuwa serious. Kiondo chake ukikiweka chini kikiwa kitupu, kinasimama chenyewe.

Fundi wa nguo pale sokoni alimwachia mabaki: khaki za suruali za shule, buluu za sketi, maua maua ya magauni. Mtu mwingine angekata vipande vya mraba aviunganishe. Mama alianza jinsi mkono wake ulivyozoea, yaani katikati. Alishona duara dogo kama kitako cha kiondo, kisha akawa analizungushia vitambaa, mzunguko baada ya mzunguko. Ndani alijaza nyuzi za sweta kuukuu.

Dada yetu mkubwa, Mwende, alimuuliza kama kuna blanketi la mviringo.

"Kwani wewe ukilala una kona?" mama akamjibu.

Alishona kila alipopata nafasi. Maharagwe yakichemka, anashona. Mbuzi akiingia kwenye mahindi, anaweka sindano chini anakimbia. Mtoto ameanguka, anaweka tena. Akirudi anashika uzi na kuuvuta kwa nguvu, kwa sababu kwa mtu wa vyondo kitu kilicholegea ni aibu.

Hapo ndipo project ilipoharibika. Kiondo ukivuta hivyo bila kuongeza upana, kinaanza kupanda juu. Na blanketi likaanza kupanda juu.

Mwanzoni alikandamiza kingo kwa viganja na kusema likipata uzito litalala. Halikulala. Kadiri lilivyokua ndivyo lilivyozidi kusimama, mpaka likawa kitu kirefu chenye shimo, Mwende anaweza kuingia asionekane.

Jirani yetu Mama Ndunge alilichungulia akauliza kama ni la kubebea ng'ombe. Kwenye kikundi cha akina mama wakawa wanamuuliza bei. Baba naye alipokuja, alilizunguka polepole, akauliza, "Mkanda wake uko wapi?"

Sisi tulicheka. Mama hakucheka.

Julai ilikuwa imefika. Ukungu ulikaa hadi saa nne asubuhi, na Mutuku alikuwa ameanza kukohoa. Mama alikaa nje na wembe ili alifumue. Alitoa mishono michache kwenye mdomo wa blanketi, akasikiliza kikohozi, akaacha. Akilifumua, msimu wote utapita bila kitu.

Akalibeba hadi ndani, akalilaza kwa ubavu juu ya mkeka.

"Ingieni," akasema. "Miguu kwanza. Mutuku katikati."

Tukaingia kama viazi kwenye gunia, vichwa nje.

Kulipokucha tulikuwa tumevutana kama kawaida, lakini sehemu ya juu ilikuwa imeshikana na ile tuliyoilalia. Ukivuta, unajivuta mwenyewe. Mutuku alikuwa pale pale katikati, shingo ina jasho.

Mwaka huo alikohoa, lakini hakulazwa. Wala mwaka uliofuata.

Mama hakujivunia hata kidogo. Wageni wakija alilikunja na kulificha nyuma ya mlango. Alikuwa akisema atalifumua siku akipata nafasi.

Nafasi aliipata miaka ya tisini, Mutuku alipoenda boarding na nyumba ikabaki kimya. Alilifumua lote, akalishona upya la mraba, limenyooka, hata Mama Ndunge alilisifu. Analo mpaka leo.

Mimi ni mtu wa kuhamahama, leo Kibwezi, kesho kwingine, kwa hivyo nyumbani napita tu. Safari ya mwisho nilimuuliza kama linampa joto.

Akasema ni zuri, lakini baridi inaingia pembeni.

Nilichojifunza si kikubwa. Nikiona mtu ameanza kazi ngumu huku ana mtoto mgongoni, sicheki umbo la kazi yake. Nasubiri nione imemfaa nani.

Nyinyi je, mama zenu walianzisha nini kikubwa mkiwa wadogo, na kiliishia wapi? Andikeni hapa chini, nina jioni nzima ya kusoma.