Shangazi Asiyesema Funga

"Shangazi, neno 'funga' limekukosea nini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, mdomo umejaa chakula. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. "Kula," akasema, "kitapoa."

Nilikuwa nimemchunguza siku nyingi. Upepo ukiingia, watu wa nyumba nyingine husema funga mlango. Shangazi husema "rudisha mlango." Viatu vyangu niliambiwa nikaze kamba, na shati langu lilikuwa na vishikizo, si vifungo. Timu yake ikishinda, ilikuwa "imetia" mabao mawili. Jirani yetu alipooa, Shangazi alileta habari kwamba wamechukuana. Baba, ambaye ni mdogo wake, alicheka mpaka akapaliwa. "Dada, wamefunga ndoa. Wanaochukuana ni paka." Shangazi akainuka kwenda kuosha vyombo.

Kazi yake ni kukaa. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu shuleni wakacheka, lakini ni kweli tupu. Anakaa kwenye chumba cha kuongozea umeme wa mji mzima, mbele ya ubao mpana kama ukuta, umechorwa laini zote na kila laini ina kijitaa chake. Mimi nilidhani nyekundu ni hatari na kijani ni salama. Kumbe kule nyekundu maana yake laini ina moto, umeme unapita; kijani imelala, umeme umekatika. Siku za kawaida hakuna anayejua kama Shangazi yupo. Siku za dhoruba, miti inaanguka juu ya nyaya, nusu ya ubao inakuwa kijani, na mji mzima unataka taa kwa wakati mmoja. Yeye ndiye anayewasha na kukata. Ila hawashi kitu mpaka fundi aliye chini ya nguzo amwambie kwa redio ya upepo kwamba watu wake wote wako salama.

Nusu ya jibu la swali langu nilikuja kuipata kwa Popo.

Popo alikuwa fundi wa laini zamani. Walimpa jina hilo kwa jinsi alivyoning'inia kwenye nguzo bila wasiwasi. Siku hizi yuko stoo ya kampuni, anagawa glavu na kamba, na mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Jumapili huja kwetu kutaniana na Shangazi. Siku moja, nikiwa kidato cha kwanza, niliutazama ule mkono mno.

"Shangazi yako ndiye aliyenikata vidole viwili," akaniambia, kama mtu anayesimulia mechi. "Kwa neno moja. Na hakukosea."

Shangazi alikuwa jikoni. Mwiko uliokuwa unakoroga sufuria ukanyamaza.

"Ilikuwa mvua ya upepo," Popo akaendelea. "Mti umelalia laini, laini imejikata yenyewe. Mimi niko juu. Mara naona waya wa pembeni unatoa cheche. Kumbe ni jenereta ya mwenye duka mmoja, ameiunganisha ovyo, moto wake unarudi kwenye laini yetu. Mimi nitajuaje? Nikadhani ni kituo kimeiwasha. Nikapiga kelele kwenye redio: funga, funga laini. Wewe ukisikia mtu anasema funga umeme, unaelewa nini?"

"Zima."

"Basi. Funga bomba, maji yanakatika. Lakini swichi si bomba. Kwa sisi mafundi, ukiifunga swichi, ncha zinagusana, moto unapita. Ukiifungua ndiyo umekata. Nimefundishwa hivyo, na wengine nimewafundisha mimi. Sasa mtu akiogopa haongei lugha ya kazini, anaongea ya nyumbani kwao. Na yeye kwenye ubao wake anaona laini imelala tayari. Ukimwambia mtu afunge laini iliyolala, afanye nini? Akaifunga."

Akakunja na kukunjua vile vidole. "Kwa mshahara wetu, vitatu vinatosha kuhesabia."

Baba alicheka. Mwiko haukuanza tena.

Kamati ya kampuni haikumkuta Shangazi na kosa. Ila yale maneno mawili yalipigwa marufuku, funga na fungua. Tangu hapo ni "washa" na "kata" peke yake, na anayeambiwa lazima arudie alichoambiwa kabla hajagusa kitu. Wenzake wakitoka kazini hulichukua neno lao mlangoni na kulitumia wapendavyo. Shangazi alikuja na marufuku yake mpaka nyumbani.

Mwaka huu mvua ilikuja na upepo ambao hata wazee hawakuwa na mfano wake. Shule yetu imepakana na ukuta wa kituo cha Shangazi. Kabla ya chakula cha mchana bati za darasa letu ziliruka kama karatasi, mwalimu mkuu akaturuhusu, lakini barabara ya kwenda mtaa wa chini, tunakoishi, ilikuwa imeshageuka mto. Nikakimbilia kituoni. Mkuu wa zamu akanikalisha nyuma ya kioo. "Kaa hapo," akasema. "Hata chafya, piga kimyakimya."

Sijawahi kuona kijani kingi namna ile. Lakini wote waliokuwa ndani walikuwa wanatazama laini moja tu, inayopeleka umeme kwenye mashine zinazosukuma maji ya mvua kutoka mtaa wa chini kwenda mtoni. Mashine zikisimama, mtaa unajaa kama beseni. Mti ulikuwa umeiangukia laini hiyo, na aliyekuwa akiuondoa na watu wake ni msimamizi wa mafundi aitwaye Kasuku.

Kasuku nilikuwa nikimsikia kwa Shangazi kila siku. Hawezi kumaliza sentensi bila mzaha. Hata akiomba kukatiwa laini husema, "Kituo, hapa Kasuku, kateni kabla sijawa mshikaki."

Redio ikakwaruza.

"Kituo. Watu wote wameshuka. Laini iko huru. Washa."

Shangazi akapeleka kidole kwenye kitufe. Nikangoja arudie neno, "nawasha," kama kanuni inavyotaka. Akarudisha kidole.

"Kasuku, sema tena."

"Watu wote wameshuka. Laini iko huru. Washa."

"Nitajie watu wako, mmoja mmoja, na kila mtu yuko wapi."

Redio ikakwaruza tena, ikafa.

Mkuu wa zamu akamwinamia. "Amesema mara mbili, na maneno yote yako sawasawa. Unangoja nini?"

"Sauti yake si yake."

"Sauti? Dada, mtaa mzima unaingia maji. Na nyumba yako imo."

"Najua nyumba yangu iliko."

"Basi toka kwenye kiti, nibonyeze mimi."

Shangazi akasukuma kiti nyuma, akampisha. "Bonyeza," akasema. "Ila uwe na hakika hakuna mtu aliyeshika waya."

Mkuu wa zamu akautazama ubao. Mkono wake ulikuwa mfukoni, na mfukoni ukabaki. Shangazi akasogea tena mahali pake, akajaribu simu ya Kasuku, haikupatikana, akaita gari la karibu liende likaone. Simu zilikuwa zinalia meza zote, watu wa mtaa wa chini, wengine wanatukana, mama mmoja akiomba taratibu sana, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Chai ya Shangazi ikafanya utando. Mimi nilikuwa naiwaza nyumba yetu, vitabu vyangu viko chini ya kitanda, halafu naona aibu kuwaza vitabu.

Dereva wa gari akapiga simu hatimaye. Watu wote wako chini, vifaa vimeshapakiwa, redio ya Kasuku imeingia maji, na Kasuku mwenyewe amesimama barabarani anatukana.

"Nawasha," Shangazi akasema, akabonyeza. Kijitaa kikawa chekundu. Hakuna aliyepiga makofi.

Kumbe Kasuku naye ni mtu wa mtaa wa chini, safu ya mwisho kabisa, karibu na mto. Kabla hajatuita, mkewe alikuwa amempigia kumwambia maji yamefika kitandani na watoto amewapandisha mezani. Hakuwa na mzaha wa kutoa.

Jioni alikuja kituoni, suruali inachuruzika. Watoto walikuwa wazima, ndani hakikubaki kitu. Alisimama mbele ya Shangazi, akaongea polepole.

"Ulitaka nikuchekeshe kwanza ndiyo uwashe?"

"Pole, kaka."

"Pole haikaushi godoro."

Akatoka. Mkuu wa zamu akamwambia Shangazi aende nyumbani kwanza, asirudi kwenye kile kiti mpaka kamati imwite. Na kamati imemwita. Wanataka aeleze kwa nini aliambiwa maneno yote sahihi, mara mbili, akakataa kuwasha. Akishindwa kueleza, kiti kinakwenda kwa mwingine, na Shangazi hajawahi kufanya kazi nyingine tangu alipokuwa msichana. Popo alikuja kujitolea kuwa shahidi. "Nitawaambia ni kwa sababu yangu," akasema. "Niwaoneshe na mkono."

"Wewe umeshanisemea vya kutosha," Shangazi akamjibu, na siku hiyo hawakutaniana.

Jana tulikuwa tunakwangua tope jikoni, yeye na sepetu, mimi na kipande cha bati. Baba alikuwa nje anaanika magodoro. Mstari wa maji umebaki ukutani, juu ya meza. Kamati ni kesho. Sikujua namna nzuri ya kumuuliza atawaambia nini, kwa hiyo nikauliza lile la darasa la pili, neno kwa neno. Nilitegemea aniambie kula.

Akaegemea sepetu.

"Neno halikunikosea," akasema. "Popo huwaambia watu kwamba neno lilinidanganya. Lakini na sauti yake niliisikia. Mtu anayetaka laini iwashwe hapigi kelele vile. Nilijua ile ni hofu. Ila ubao ulisema laini imelala, na kanuni ilisema funga ni funga, basi nikaacha sauti nikashika neno. Safari hii nimeacha neno nikashika sauti. Na ilikuwa hofu kweli, sikukosea, ila ya watoto na maji. Kesho wataniuliza, ikitokea tena, nitashika lipi. Ndilo ninalojiuliza mwenyewe miaka yote, kila ninapotaka kumwambia mtu afunge mlango."