Namba ya Chafya

Ofisini walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa karani katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, chini kabisa hospitalini, chumba chenye dirisha moja na rafu zilizojaa mafaili hadi darini. Kazi yake ilikuwa kusoma alichoandika daktari na kukigeuza kuwa namba, maana kila ugonjwa una namba yake. Pumu ina yake, nimonia ina yake. Hata chafya ina yake: herufi R, sifuri, sita, nukta, saba.

Ila namba za R zina unyonge wake. Nyingi ni za dalili tu. Zinasema mtu anapiga chafya, hazisemi kwa nini. Daktari asipojua chanzo, karani anaweka R na kuendelea na faili jingine. Kubahatisha ni marufuku, hata kama unajua.

Na Kimya alikuwa anajua.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa akichekecha unga kwenye kinu kikubwa cha kusaga nafaka mtaa wa pili. Zilianza chafya, yakaja mafua yasiyokauka, kikafuata kikohozi, na sasa kifua kilipiga mluzi kila alipopanda ngazi. Kila alipotibiwa, faili lake liliteremshwa kule chini. Kwa kuwa faili la ndugu yako hulishughulikii, Kimya alilisukuma upande wa pili wa meza, kwa karani mwenzake waliyemwita Bi Kicheko.

"Dada yako tena!" Bi Kicheko alisema. "Chafya ileile. Akiendelea hivi, namba hii tutaipa jina lake."

Kimya hakucheka. Chanzo kilikuwa hakijulikani kwa sababu dada, kila alipoulizwa kazi yake, alijibu kwamba yuko nyumbani tu.

"Dada, mwambie daktari ukweli," alimsihi jioni moja.

"Ili iweje? Mwenzangu alisema kifua kinambana, wiki haikuisha akaonyeshwa mlango. Mimi nitakula hizo namba zako?" Akapiga chafya mfululizo hadi akashika ukuta. Alipopata pumzi akamnyooshea kidole. "Na wewe usije ukanisemea. Nimekulea, nakujua. Tangu utoto huna mdomo, usiupate leo."

Asubuhi moja hakuweza kumaliza sentensi kwa kuhema. Kimya akamshika mkono hadi kwa daktari, akasimama nyuma ya kiti chake kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Unafanya kazi gani, mama?" daktari aliuliza.

"Niko nyumbani tu, daktari."

Kalamu ikainama kuandika. Kimya aliona shingo ya dada yake ikivutika ndani kila alipotafuta hewa, mishipa imesimama.

"Anachekecha unga," alisema. "Kinuni. Miaka mingi."

Dada hakugeuka. Daktari aliweka kalamu chini, akampa kipimo cha kupuliza, kisha dawa ya kuvuta, kisha akampulizisha tena. Akatikisa kichwa.

"Hii ni pumu, mama, na huo unga ndio unaoichokoza. Dawa nitakupa. Lakini ukirudi kwenye vumbi lile, siku moja dawa haitatosha. Nitawaandikia kinuni wakuhamishie kazi nyingine."

Huko kwenye ujia dada alisema neno moja tu: "Haya." Afadhali angemtukana.

Mchana faili liliteremshwa. Bi Kicheko alilisoma, akaandika namba taratibu.

"Leo si R," alisema. "Pole, kaka."

Msimamizi wa kinu alisema pa kumhamishia hapakuwepo, akamwambia asirudi. Mwisho wa mwezi, kodi ya chumba ilipomshinda, dada alihamia kwa Kimya na sanduku moja. Alipiga soga na wifi yake wakichambua mboga, akasuka watoto nywele, akawakemea walipomwaga maji. Kwa Kimya hakuwa na neno. Akimtaka apokee sahani, alimtuma mtoto: "Mpe baba yako." Mkewe alitaka kuwapatanisha, Kimya akakataa. Aliona hiyo ni haki ya dada yake. Aliyenyang'anywa kazi na chumba ni yeye.

Chafya zilipungua. Mluzi ukawa wa mara mojamoja, halafu ukapita wiki nzima usisikike. Kimya alikuwa akiusikilizia kupitia ukuta, na ulipokosekana hakujua amshukuru nani.

Jumapili moja dada alikuwa ameketi ukumbini akishona kifungo. Kimya alisimama mlangoni akitazama nje, hana hili wala lile.

"We bwana," sauti ikatoka nyuma yake, "sogea huko, unanizibia upepo."

Kimya akasogea upesi, akabaki ameegemea ukuta wa nje, asiingie wala asiondoke. Ndani, dada alivuta uzi, akaukata kwa meno, akaendelea kushona.