Jamu ya Ndare, na Ukuta Katikati

Siku ya kwanza mama mkwe aliponinyooshea mkono, niliruka nyuma nusura niangukie beseni la nguo. Ilikuwa kwake Kawangware, kwenye ploti aliyoachiwa na wazazi wake, na wapangaji walikuwa wamejaa milangoni kumwona huyu fundi wa kuchomelea mageti kutoka Kibera ambaye binti ya mwenye ploti alikuwa amemchagua. Walichoona ni mwanaume mzima akiukimbia mkono wa mama mtu mzima. Mkono wake ulibaki hewani. Kisha akaurudisha, akaufuta kwenye leso kana kwamba nimeuchafua, akaingia ndani.

Kwetu magharibi mwa Kenya, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawaketi chumba kimoja, hawali meza moja, na jikoni kwake ni mahali ambapo mwanaume mwenye akili zake hawezi kutia mguu. Si chuki, ni heshima. Lakini kwao Wakikuyu mkono ni salamu, na ukiukataa umetukana. Mke wangu, wakati huo mchumba tu, alicheka mpaka akachuchumaa. Halafu akamfuata mamake ndani kumweleza, nami nikabaki nje nikiangalia viatu vyangu.

"Kwa hivyo ananiogopa?" nilisikia mama akiuliza.

"Si kukuogopa, mum. Anakuheshimu."

"Basi aniheshimu akiwa huko mbali."

Tangu siku hiyo aliishika mila yetu kuliko sisi wenyewe. Alikuwa na jiko la mabati pembeni mwa ploti, na kila nikibisha geti alihamia upande wa pili wa ukuta wake na kupaza sauti: "Mkwe, niko huku! Pita, usikufe!" Eti nikimwona nitakufa. Wapangaji walikuwa wakivunjika mbavu. Miaka yote ya ndoa yangu, maneno yetu yalipitia mabati hayo. Alinigombeza kupitia mabati, alinisifu mara mojamoja kupitia mabati, na mtoto wetu alipozaliwa alilia kwa furaha upande wake nami nikalia upande wangu.

Nyuma ya ploti hiyo kuna ua wa ndare. Ni yale matunda madogo ya miiba yanayoanza mekundu yakaiva meusi, ambayo madukani wanayaita blackberi na kuyaweka kwenye vikopo kama dawa. Sisi kwetu tuliyala njiani tukitoka shule, tukarudi nyumbani ndimi zimekuwa za zambarau. Majirani wote wa mama mkwe waling'oa nyua zao wakajenga kuta za mawe. Yeye alikataa. Alisema mwizi akiruka ukuta wa mawe anaiba na kwenda, lakini akipita kwenye ndare atajulikana kwa nguo kesho yake.

Mke wangu alikulia kwenye ua huo. Kila msimu wa ndare alienda Kawangware na ndoo, akarudi Kibera mikono imekwaruzwa yote, akabandika sufuria kwenye stovu ya mafuta ya taa katika chumba chetu karibu na mtaa wa Ayany. Nyumba nzima ilinukia sukari. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikoroga kidogo, akatoka mlangoni kumaliza hadithi na jirani, akarudi mbio akipiga mayowe, akakoroga tena. Jamu aliitia kwenye chupa za kahawa zilizokwisha, na sisi watatu tukaila na mkate asubuhi mpaka ikaisha. Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi, na vijana wa mtaani wakisema mtu amejam wana maana amekasirika. Kwa hiyo nikirudi kutoka kazini nimenuna, aliinua chupa akaniambia, "Jam ni hii hapa. Hiyo ya kwa uso yako wachana nayo." Ilikuwa vigumu kuendelea kununa.

Figo zake ziliharibika, akatuacha. Sina zaidi la kusema juu ya hospitali. Nikianza nitasema mabaya. Tulimzika magharibi, nyumbani kwetu, na kaburini mama mkwe alisimama ng'ambo ile nami ng'ambo hii. Watu wake walimshika, watu wangu wakanishika, na katikati yetu palikuwa na shimo. Nilitamani sana kwenda kumshika yule mama. Sikwenda, kwa sababu hata siku hiyo, na hasa siku hiyo, alikuwa mama mkwe.

Tuliporudi Nairobi, chini ya meza palikuwa na chupa moja ya jamu imebaki, haijafunguliwa. Binti yetu, ambaye alikuwa ameanza tu kusoma vitabu bila kufuata kwa kidole, aliichukua akaiweka kando ya mto wake. Asubuhi nilimkatia mkate, nikamwambia tufungue. Akaikumbatia.

"Hapana. Ikiisha, mum ameisha."

Basi akawa anakula mkate mkavu. Baadaye hata mkate wenyewe akaanza kuuacha. Nilimnunulia jamu ya dukani, nyekundu kama rangi ya mlango, akailamba mara moja akasukuma sahani. Nilipandisha sauti. Akaniangalia akasema polepole, "Dadi, usijam," na sauti ilikuwa ya mamake kabisa. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido nikiwa nimeuma ngumi. Watu wa kanisani walikuwa wakija kuniambia nijikaze, mimi ni mwanaume. Nilikuwa nimejikaza hadi meno yakauma, na mtoto alikuwa anakonda mbele ya macho yangu.

Ndare zilipoiva nilimpigia mama mkwe simu, nikamwomba anieleze jamu inapikwaje.

"Kwa simu sitaweza," alisema. "Simu haina pua. Njoo upike hapa."

"Hapo wapi, mama?"

"Kwa jiko yangu. Mikono yangu imekufa ganzi, siwezi kukoroga. Wewe ukae ndani, mimi nikae nje na stuli. Nitakuwa nanusa." Kisha akaongeza, "Na mimi pia nitaenda siku moja, mkwe. Jifunze."

Tulienda Jumapili, mimi na binti yangu, naye amebeba ile chupa kwenye mkoba wake wa shule kwa sababu haikulala popote bila yeye. Mama alikuwa amekwisha kuhamia nyuma ya ukuta. Nilisikia stuli ikilia alipoketi. "Mkwe, niko huku," alisema. Hakupaza sauti kama zamani, na ile sehemu nyingine hakuiongeza.

Tulichuma ndare mpaka mikono ikawaka, mtoto akimpelekea nyanyake azichambue. Kisha nikaingia katika jiko la mama mkwe wangu. Nilisita mlangoni kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Mwiko wake ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, aproni yake pembeni, na niliona haya kuviangalia, kweli niliona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona ila mtoto.

"Umeosha?" uliuliza ukuta.

"Nimeosha, mama."

"Ponda na mwiko. Usiponde sana, si ugali. Tia sukari, kamulia ndimu. Moto wa makaa usiwe mkali."

Moto ni kazi yangu. Nimeshinda miaka na chuma, najua joto linavyopanda na linavyoshuka, na sijapata kutoboa bati jembamba tangu nikiwa mwanafunzi wa fundi. Nilitenga makaa pembeni, nikayarudisha kidogokidogo. Sufuria ikaanza kuchemka kwa adabu. Kila mara sauti ilipita kwenye matundu ya misumari: sasa inanukia majani, bado, sasa inanukia sukari, koroga, sasa toa povu. Ilikuwa kweli, yule mama alipika kwa pua. Akaniambia nitone kidogo kwenye sahani baridi, nipitishe kidole. Jamu ilijikunja mbele ya kidole kama kitambaa.

"Imejikunja, mama."

"Basi ipua. Iko sawa." Akavuta pumzi. "Iko sawa kabisa. Hata mimi sijawahi kupika safi hivyo."

Nilijivuna, nisiseme uongo. Nikapaka mkate, nikaupuliza, nikampa binti yangu. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, bila hata mbegu iliyoganda chini ya sufuria. Alitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, akiangalia mlangoni.

"Si ya mum."

"Ndare ni zilezile. Ni ua uleule alikokuwa akichuma mum."

"Si yake." Alikuwa analia sasa. "Hii haijaungua."

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa, nikaketi kwenye kigoda cha mama mkwe bila kufikiri ni cha nani. Yule mwanamke alikuwa akiunguza. Kila msimu, kila sufuria, akiwa mlangoni na jirani, alikuwa anaunguza, na kule kuungua kidogo kwa chini ndiko tulikokula miaka yote tukikuita jamu. Mimi sikuwahi kujua. Nilidhani ndare ndivyo zilivyo.

Halafu nikasikia mama mkwe akicheka, kicheko cha puani kisichokusudiwa.

"Nilimwambia tangu akiwa kasichana," alisema. "Punguza moto. Kaa hapo. Wacha mdomo. Sufuria zangu zote alichoma. Nilimchapa na huo mwiko." Kicheko kilikatika. "Mkwe."

"Naam, mama."

"Rudisha hiyo sufuria kwa moto. Ongeza makaa. Na usikoroge."

Nilirudisha sufuria, nikaongeza makaa. Ni vigumu kusimama mbele ya kitu kinachoharibika ukiwa na mwiko mkononi. Mikono yangu ilitaka kukoroga, nikaiweka mifukoni. Jamu ilianza kupiga mapovu mazito, kisha chini ikakoroma, kisha ikaja ile harufu, sukari inayokaribia kuwa chungu, na chumba chetu cha Kibera kikanirudia kizima, pamoja na mlango wazi na sauti yake nje ikimalizia hadithi. Binti yangu aliacha kulia. Aliinua pua juu kama alivyokuwa akifanya nyanyake nyuma ya mabati.

Na nyuma ya mabati harufu ilikuwa imefika. Mama mkwe hakulia kwa sauti. Alikuwa anagonga ukuta kwa kitu laini, polepole, labda kichwa, na kila akigonga bati lilitetemeka begani mwangu maana nilikuwa nimeliegemea. Nikasema moyoni, basi. Yule aliyetufanya wakwe hayupo. Mila hii inamlinda nani?

Nikatoka nje, nikauzunguka ukuta.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Sijawahi kumwangalia vizuri, kwa kweli. Nilijua sauti yake kuliko uso wake. Alikuwa amepaka ndare kwenye mashavu akijifuta machozi, mikono yote imekuwa ya zambarau kama yangu. Nikamnyooshea mkono. Nilitaka kumpa ule mkono niliomnyima siku ya kwanza, na kumwambia pole, neno ambalo tulikuwa tumeambiwa na watu wote isipokuwa sisi kwa sisi.

Aliuangalia mkono wangu. Kisha akaruka nyuma, na vile goti lake lilivyo bovu nusura aangukie stuli, akaficha mikono yake yote miwili mgongoni.

"Hapana," alisema. "Nikikusalimia, tutakuwa watu tu wanajuana." Akasogea nyuma tena. "Mimi bado ni mama mkwe yako. Yeye ndiye alinipea hiyo. Usininyang'anye."

Mkono wangu ulibaki hewani, kama wake siku ile.

"Rudi upande wako," akasema. "Jam inaungua."

Nikarudi. Niliipua sufuria kabla haijawa chungu kabisa, nikapaka kipande kingine cha mkate. Binti yangu alikula bila kusema kitu, akaomba kingine, akakila amesimama. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa ile chupa ya mamake, akaniwekea mapajani.

"Fungua na hii," alisema, akiutazama ukuta wa nyanyake. "Shosho pia aonje."

Kifuniko kilikuwa kimeshikana kwa sukari, ikabidi nikigonge pembeni kwa kisu ndipo kikalegea. Nilipaka mkate mzito, mtoto akaubeba kwa mikono miwili akazunguka nao ukuta. Nilisikia stuli ikilia tena. Nikasikia anatafuna. Wapangaji walikuwa wameshazima redio zao, sijui ni lini.

"Mkwe," alisema mama mkwe. "Niko huku."

"Najua, mama."

Alimeza kwanza.

"Usikufe," akasema.