Ngoma ya Bi Mize Ndani ya Kinanda cha Betri

Wenzangu mliokulia Jang'ombe, hapa Unguja, wakati wa kaseti hamhitaji kuelezwa sana. Ukitaka kujua maneno ya wimbo, ulikaa mbele ya redio na penseli, ukarudisha nyuma na kurudisha tena mpaka ukanda ukalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kaka yangu Suleiman na rafiki yake Haji walikuwa wakirapu. Suruali zao zilikuwa pana hata bibi yetu, Bi Mize, akiwauliza wamebaki wangapi humo ndani. Mie nilikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri, basi kazi yangu ikawa kuandika mistari yao kwenye daftari. Walikuwa wakiibadilisha kila siku, kisha wakibishana, wanakuja kwangu niwasomee ilivyokuwa.

Mwaka huo ami yetu alituletea kinanda kidogo cha betri kutoka Maskat. Kilikuwa na kitufe cha kudaka sauti. Unabonyeza, unatoa sauti, na kila ukigusa kinanda inatoka hiyo hiyo, nzito au nyembamba upendavyo. Wiki nzima tulidaka mbuzi, mifuniko ya sufuria na kikohozi cha jirani.

Bi Mize ujanani alikuwa akipiga ngoma za kidumbak kwenye maharusi. Siku moja, yuko uani anakuna nazi, akawasikia vijana wanafanya mazoezi.

"Hiyo ngoma yenu inakwenda kama gwaride," alisema. "Nani ataicheza?"

Akaweka mbuzi ya nazi pembeni, akapindua ndoo, akapiga. Suleiman akasogeza kinanda akaidaka. Haji akaanza kurapu juu yake. Kwa mara ya kwanza rap ilikuwa ya kwetu, imezaliwa uani petu.

Shida ilikuwa moja: kinanda kile hakikuhifadhi kitu. Kikizimika tu, ngoma imepotea. Kwa hiyo niliandika mapigo ya Bibi daftarini, du na ka, na pale mkono unapotulia. Bibi akanikalisha kitako nipige mwenyewe mpaka aridhike.

"Usikimbilie, Rukia. Acha mkono upumue."

Siku ya pili ya Idd kulikuwa na mashindano ya rap kwenye ukumbi wa skuli. Tulikidakisha kinanda ngoma ya Bibi asubuhi, tukakibeba kikiwa kimewashwa, kimezungushiwa kanga. Tulipofika nyuma ya pazia kikazimika. Haji akabadilisha betri, kikawaka, lakini Bibi hakuwemo tena. Na yeye yuko nyumbani na wageni. Tukasikia jina la kundi letu linaitwa.

Suleiman akanitazama. "Rukia, utaweza?"

Nilikuwa na gauni la Idd na hina mikononi, na nilijua Baba atapelekewa habari kabla sijafika nyumbani. Nikachukua ndoo ya kupigia deki, nikaipindua. Mara ya kwanza nilikimbilia. Mara ya pili nikauacha mkono upumue, na Suleiman akabonyeza kitufe.

Walipopanda jukwaani, vijana ukumbini walianza kuruka. Lakini waliotushangaza ni kina mama waliokuja kuwatazama watoto wao. Walisikia kidumbak kinatoka kwenye spika, wakapiga vigelegele, wakainuka kucheza. Tulishika nafasi ya pili. Waliotushinda walirapu vizuri, sina kinyongo, ila wiki ile yote watoto wa mtaa walikuwa wanapiga ndoo.

Jioni Baba aliniita. "Naam," nikaitika.

"Ndiwe uliyepiga?"

Nikainamisha kichwa.

"Nilipita nje ya skuli, nikasikia. Mwisho ulichelewa kidogo," akasema, akaendelea kunywa chai yake. Alikuwa mtoto wa Bi Mize, na yeye anajua ngoma.

Mwezi uliopita walikuja vijana wanaokusanya historia ya hip hop ya Unguja. Haji ameshatangulia mbele ya haki, na Suleiman, anayekaa Fumba sasa, aliwaambia daftari liko kwangu. Walilipiga picha ukurasa kwa ukurasa, wamevaa glavu kama madaktari, kisha wakanipiga na mie nimelishika. Nilicheka, lakini moyo ulinijaa.

Mwanangu anatengeneza muziki kwa simu. Ana ngoma za dunia nzima mfukoni, na ikimchosha moja anaifuta kwa kidole. Nyimbo zake ni nzuri, simwonei choyo. Ila hajawahi kubeba mdundo kifuani njia nzima akiogopa utamfia, na wala sidhani kama kuna mtu anamwandikia mistari yake. Sie tulikuwa na sauti moja fupi, na tuliijua hadi pumzi yake.

Binti mmoja wa wale waliokuja, aliyekuwa anaandika majina chini ya picha, aliniuliza kwa adabu, "Bi Rukia, nikuandike dada yake Suleiman?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Andika Rukia, mpiga ngoma."